Baridi, Beringi na Gavana: Historia ya Majina ya Mashine Moja

Katika mitambo inayopoza hospitali, hoteli na majengo makubwa ya ofisi, siku hizi hutumika kompresa isiyohitaji hata tone moja la oili. Shafti yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na muda wote huo haigusi kitu. Sumaku za umeme zimeizunguka na kuishika hewani, na vifaa vya elektroniki hupima mahali ilipo na kuirudisha katikati maelfu ya mara kwa kila sekunde. Anayetaka kuitaja kikamilifu kwa Kiswahili atalazimika kusema: kompresa ya kupozea yenye beringi za sumaku zinazodhibitiwa kielektroniki.

Jina hilo ni refu, na wengine watasema ni ushahidi kwamba lugha yetu haijaiva kwa mambo ya ufundi. Sisi tunaona kinyume chake. Kila neno katika jina hilo lina historia, na tukiifuata historia hiyo tunajifunza jinsi Kiswahili kinavyopata istilahi zake na kwa nini baadhi huishi na nyingine hubaki kwenye kurasa za kamusi. Katika makala haya tutafuata maneno matatu: baridi, beringi na gavana. Tumeyachagua kwa kuwa kila moja lilifika kwenye kazi yake kwa njia tofauti, na kwa kuwa yote matatu yana alama yake hapa Birmingham, mji tunaosomea.

Hoja yetu ni nyepesi kuieleza. Istilahi ya ufundi hudumu inapolelewa karibu na mkono wa anayefanya kazi. Kamati za lugha zimetufanyia kazi kubwa na nzuri, lakini maneno yao mengi yalikosa watu wa kuyatumia. Mashine hii mpya inatupa nafasi ya kufanya vizuri zaidi.

Baridi

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa shirika la Church Missionary Society aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda nchi ya Wachaga katika msafara wa Bwana Kheri. Asubuhi hiyo aliona kilele cha mlima chenye weupe uliofanana na wingu. Alipomuuliza kiongozi wake wa njia weupe ule ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Rebmann akatambua kwamba anatazama theluji. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alizikataa, kwa kuwa hakuamini kwamba theluji inaweza kudumu karibu na ikweta.

Ubishi huo ulihusu theluji. Sisi wanafunzi wa lugha tunavutiwa zaidi na jibu la yule kiongozi. Aliulizwa jina la kitu ambacho watu wa pwani hawakuwa na haja nacho, naye akakitaja kwa kile kinachofanya katika mwili wa binadamu. Alichukua neno lililokuwepo akalinyoosha lifike mlimani. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kupata istilahi, na ndiyo ya zamani kuliko zote. Kwa njia hiyo hiyo umeme, uliokuwa mmweko wa mawinguni wakati wa mvua, ukaja kuwa nguvu inayopita kwenye nyaya. Kiswahili kina pia theluji, kutoka Kiarabu, na barafu, kutoka Kiajemi. Katika Kiajemi neno hilo ni la theluji, lakini kwetu limetulia kwenye maji yaliyoganda.

Nyaraka za shirika lile, zikiwemo barua za Rebmann na za mwenzake Johann Ludwig Krapf kutoka pwani yetu, zimehifadhiwa katika maktaba ya Cadbury Research Library ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwanachama anayetaka kusoma habari za miaka ile ya mwanzo ya uchunguzi wa Kiswahili hahitaji kupanda ndege. Treni ya kutoka katikati ya mji humfikisha kituo cha University kwa dakika chache.

Friji lilipofika Afrika Mashariki, neno baridi lilinyooshwa tena. Leo tunaita soda na sharubati vinywaji baridi hata kama kreti limeshinda juani. Na ukiagiza soda mgahawani Dar es Salaam utaulizwa: baridi au moto? Moto hapo ni soda ambayo haijaingia kwenye friji tu, wala haijapashwa. Mashine imebadilisha maana ya maneno mawili kwa mpigo, na hakuna kamati iliyoombwa idhini. Kamusi zina neno jokofu, zuri na lenye sauti ya Kibantu, lakini nyumbani mama humwambia mtoto afunge mlango wa friji.

Hata hivyo, neno baridi lina mtego ambao mwalimu wa fizikia anaujua. Mashine haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuhamisha joto. Kompresa huikandamiza gesi, nayo gesi hupata moto na kulitoa joto lake nje, ndiyo maana nyuma ya friji kuna vuguvugu. Ikishatoa joto hugeuka kimiminika. Kisha hupitishwa penye tundu jembamba, kanieneo hushuka, kimiminika huchemka kwa ubaridi na kufyonza joto la chakula kilichomo ndani. Kazi hiyo ilipata hataza ya Jacob Perkins jijini London mwaka 1834, na katika miaka ya 1850 James Harrison aliifanya kuwa biashara ya barafu huko Australia. Tangu siku hizo moyo wa mashine umekuwa ni kompresa.

Tumetumia hapo juu neno kanieneo. Limeundwa kwa kani na eneo, na ndivyo fizikia inavyosema: kani ikigawanywa kwa eneo. Ni neno lenye akili nyingi, kwa kuwa anayelielewa amekwisha kukumbuka kanuni. Lakini fundi wa matairi husema tairi halina upepo, fundi wa mafriji husema presha imeshuka, na mtaani mtu akisema ana presha anamaanisha ugonjwa wa shinikizo la damu. Maneno manne kwa jambo moja si umaskini. Ni dalili kwamba kila kundi lilijitafutia neno lake bila kukutana na lingine.

Beringi

Njia ya pili ni kuazima. Neno beringi liliingia kupitia gereji, pamoja na gia, bolti, spana, mota na shafti. Halikuletwa na mwalimu. Lilitua kwenye sikio la msaidizi wa fundi, likapewa irabu ya mwisho ili ulimi wetu usikwame, likaanza kazi siku hiyo hiyo. Leo mtoto wa Mwanza au wa Kisumu anaijua beringi kabla ya kuingia shuleni, kwa sababu vigari vya mbao vya kuchezea hufungwa beringi chakavu kuwa magurudumu. Ndani yake anajua kuna gololi za chuma.

Ukopaji wa namna hii una faida kubwa: neno hufika pamoja na kitu, na anayelitamka anaweza kukionyesha kwa kidole. Lakini una hasara moja ambayo kwa muda mrefu haikuonekana. Katika Kiingereza neno hilo limetokana na kitenzi cha kubeba. Beringi ni kitu kinachobeba shafti ili izunguke bila kusuguana. Sisi tulichukua kitu tukaacha kitenzi. Kwetu beringi ni pete ya chuma yenye gololi na grisi, na hatusikii ndani yake kazi ya kubeba.

Hasara hiyo haikumsumbua mtu mpaka ilipokuja beringi isiyo na pete inayogusana, gololi wala grisi. Ukimwambia fundi mzoefu kwamba kompresa hii ina beringi za sumaku, ana haki ya kuuliza gololi ziko wapi na zinatiwa grisi gani. Swali lake si la ujinga. Limetokana na maana halisi ya neno kama linavyoishi katika Kiswahili.

Ili tulijibu, inabidi tueleze sumaku inavyobeba. Mwaka 1842 Mwingereza Samuel Earnshaw alionyesha kwa hesabu kwamba sumaku za kudumu zikiachwa peke yake haziwezi kukishika kitu hewani kikatulia. Kitasogea kidogo upande mmoja, kivutwe zaidi upande huo huo, kianguke au kinase. Dawa yake ni ile anayoijua kila aliyewahi kujitwika ndoo ya maji kichwani. Ndoo haitulii kwa sababu kichwa kimesimama tuli. Inatulia kwa sababu shingo inahisi kila mwelekeo wake na kuusahihisha kabla haujawa mkubwa. Beringi ya sumaku hufanya hivyo. Vihisi hupima pengo kati ya shafti na sumaku, kidhibiti huamua, na mkondo wa umeme huongezwa upande mmoja na kupunguzwa mwingine. Bila elektroniki hakuna beringi.

Hapa Birmingham jambo hili lilionekana na umma mapema kuliko karibu kokote duniani. Mwaka 1984 ilizinduliwa treni ndogo ya kuelea kwa sumaku kati ya uwanja wa ndege na kituo cha reli cha Birmingham International, umbali wa mita 600 hivi. Sumaku za umeme ziliinua behewa kiasi cha milimita 15 kutoka kwenye njia yake, na mota ya mstari mnyoofu ikalisukuma. Huhesabiwa kuwa ndiyo treni ya kwanza ya aina hiyo duniani kuchukua abiria katika huduma ya kawaida ya kila siku. Ilifanya kazi hadi mwaka 1995, ikafungwa kwa kuwa vifaa vyake vya elektroniki vilikuwa vimepitwa na wakati na vipuri havipatikani kwa urahisi. Behewa lake moja limehifadhiwa katika makumbusho ya Railworld mjini Peterborough.

Treni ile na kompresa yetu ni ndugu. Zote zimeshikwa na sumaku za umeme, zote hupimwa na kusahihishwa bila kupumzika, na zote zilingoja elektroniki zipate kuwa ndogo na nafuu. Kompresa ya namna hii kwa ajili ya viyoyozi vya majengo ilianza kubuniwa Australia katika miaka ya 1990, kazi ikahamia Kanada na kisha Marekani, na leo inajulikana sokoni kwa jina la Danfoss Turbocor. Faida yake kubwa iko kwenye oili. Katika kompresa za kawaida, oili kidogo husafiri pamoja na gesi na kuganda kama utando ndani ya mabomba ya kubadilishia joto, na joto hupita kwa shida. Pasipo oili, utando huo haupo. Pasipo kusuguana, umeme unaopotea ni mdogo.

Lakini umeme wenyewe ukikatika itakuwaje? Wasomaji waliokulia kwenye mgawo wa umeme wameshajiuliza. Wabunifu waliliona hilo. Umeme ukikatika, mota hugeuka kuwa jenereta: shafti inayoendelea kuzunguka huzalisha umeme wa kutosha kuziendesha sumaku mpaka mwendo upungue. Mwishowe shafti hutua juu ya beringi za kawaida zilizowekwa kwa dharura. Kwa hiyo mashine ina beringi za aina mbili, na hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Tukiziita zile za dharura beringi za akiba na zile nyingine beringi za sumaku, fundi anaelewa mara moja ni zipi zinazoshika kazi na ni zipi zinazosubiri ajali. Neno la gereji linabaki, ila tunalirudishia ile maana ya kubeba lililoiacha njiani.

Gavana

Neno la tatu ni la udhibiti, na hili lilianzia Birmingham kabisa. Mwaka 1788 Matthew Boulton aliona kwenye kinu cha Albion Mill jijini London kifaa cha wasagaji wa nafaka kilichorekebisha mawe ya kusagia. Alimwandikia mshirika wake James Watt, na Watt akakibadilisha kifae kwa injini za mvuke walizokuwa wakitengeneza Soho, pembezoni mwa Birmingham. Vitufe viwili vilizungushwa na injini. Mwendo ulipozidi, vilitanuka na kupunguza mvuke. Mwendo ulipopungua, vilishuka na kuufungulia. Injini ikajitawala yenyewe. Injini moja ya mwaka huo iliyotengenezwa Soho na kufungwa kifaa hicho ipo katika jumba la Science Museum, London. Boulton na Watt wenyewe, pamoja na William Murdoch, wamesimama katikati ya mji wetu wakiwa sanamu ya rangi ya dhahabu iliyochongwa na William Bloye na kuzinduliwa mwaka 1956.

Watt ameingia katika Kiswahili kwa mlango zaidi ya mmoja. Anayenunua balbu ya wati 60 dukani Kariakoo anataja jina lake. Na kifaa chake kilipewa Kiingereza jina la mtawala wa koloni, jina ambalo wazee wetu walilijua kwa namna nyingine. Gavana alikuwa mkubwa wa serikali ya kikoloni, mwenye kofia ya manyoya na kauli ya mwisho. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013, Kenya ina magavana 47 waliochaguliwa kwa kura. Katikati ya hao wawili, neno hilo lilipanda matatu.

Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004. Magari ya abiria yalitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Siku chache zilitosha kwa kila dereva, utingo na abiria kulijua jina lake: spidi gavana. Redio na magazeti vilitumia kidhibiti mwendo. Majina yote mawili yanaishi mpaka leo, moja barabarani na moja kwenye taarifa ya habari, na hakuna Mkenya anayepotea kati yake. Tunalitaja jambo hili kwa wale wanaodhani kwamba istilahi mbili kwa kitu kimoja ni vurugu. Ni vurugu pale tu wenye neno moja wasipolijua la wenzao.

Katika lugha za Ulaya neno hili lina asili ya baharini. Norbert Wiener, alipotafuta jina la sayansi ya udhibiti katika kitabu chake cha mwaka 1948, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, akakumbusha kwamba gavana wa Watt ametoka kwenye shina hilo hilo. Sisi tulio watu wa majahazi tulikuwa na usukani muda wote. Tuliuhamisha kutoka kwenye chombo hadi kwenye gari, tena hadi kwenye siasa, ambako chama hushika usukani wa nchi. Hatukuupeleka kwenye mitambo. Huko tuliweka kudhibiti, neno la Kiarabu lenye harufu ya kubana na kuzuia. Kidhibiti mwendo kinazuia kweli, kwa hiyo jina linakifaa. Lakini kidhibiti cha beringi ya sumaku hakizuii shafti. Kinaielekeza, kama nahodha anavyokielekeza chombo kwenye mkondo. Hatupendekezi kulifuta neno udhibiti, kwani limekwisha kukita mizizi shuleni na kazini. Tunasema tu kwamba mwalimu anayefundisha mashine hii atamsaidia mwanafunzi zaidi akimwambia habari za usukani.

Maneno yaliyokosa darasa

Mpaka hapa tumesimulia maneno yaliyojizalia. Kuna historia nyingine, ya maneno yaliyozaliwa kwa mpango. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya maeneo yaliyokuwa chini ya Waingereza Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili. Mwaka 1967 Tanzania ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TUKI, ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Humo mna kazi ya miaka mingi ya wanaisimu na wanasayansi, na yeyote anayedhani kwamba fizikia haisemeki kwa Kiswahili angeanza kwa kuifungua.

Kwa nini basi maneno mengi ya namna hiyo hayasikiki? Jibu halimo katika maneno. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi ya sayansi ikatoka kwa ajili ya darasa ambalo halikufunguliwa. Kanieneo likabaki likisubiri wanafunzi, na wakati huo upepo na presha vinakwenda kazini kila asubuhi.

Tukilinganisha historia hizi mbili, tofauti haiko katika uzuri wa maneno. Kanieneo ni zuri kuliko presha. Tofauti ni kwamba presha lilikuwa na fundi, mteja na geji, nalo kanieneo lilikuwa na ukurasa. Kamati ingeweza kuanzia gereji: kusikiliza, kuandika yale yanayosemwa, kuyapanga, kisha kuongeza yale yanayokosekana. Na serikali zingeweza kuyapa maneno mapya mahali pa kufanyia kazi.

Gesi, na kinachotusubiri

Tunaandika haya sasa kwa sababu mahali hapo panafunguka. Tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yaliyokutana Kigali yalikubaliana kupunguza matumizi ya kundi la gesi za kupozea zinazoongeza joto duniani, ikiwemo R134a ambayo hutumika katika mafriji mengi, viyoyozi vya magari na kompresa nyingi za beringi za sumaku. Baadaye serikali za Rwanda na Uingereza, pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Birmingham, zilianzisha mjini Kigali kituo cha Afrika cha upozaji endelevu, kinachofahamika kwa kifupi kama ACES. Kazi yake ni pamoja na kufundisha mafundi wa mitambo ya kuhifadhia mazao na chanjo. Na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda.

Mafundi wa Goma, Bujumbura, Mwanza na Mombasa wakikutana mbele ya mashine moja, lugha wanayoweza kushirikiana bila mkalimani ni hii yetu. Watakuwa na neno gesi, kwa sababu kila fundi wa friji analitumia: gesi imeisha, tujaze gesi. Kwa miaka mingi lilitosha. Leo linaweza kuua. Mafriji mengi mapya ya nyumbani hutumia R600a, ambayo ni isobutani, na viyoyozi na friza nyingine hutumia R290, ambayo ni propani. Gesi hizi haziongezi joto la dunia kama zile za zamani, lakini zinawaka. Ni za ukoo mmoja na gesi ya mtungi wa jikoni. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba akijua kwamba gesi ya friji haishiki moto anahitaji lugha itakayomzuia kabla hajawasha moto wake. Neno moja kwa gesi zote halimzuii.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi, tukifuata yale yaliyotufundisha maneno matatu. Gesi libaki, lakini litajwe daima na namba yake, na baada ya namba isemwe wazi: inawaka, au haiwaki. Kompresa na shafti yabaki kama yalivyo gerejini. Beringi ya sumaku na beringi ya akiba yafundishwe kama jozi. Kihisi na kidhibiti yachukuliwe kutoka kwenye kamusi, kwa kuwa gereji haina yake na haya yanaeleweka kwa kusikika tu. Kanieneo na presha yaandikwe pamoja kwenye kila kitabu cha mafunzo, mpaka mwanafunzi wa fizikia na fundi waweze kuzungumza.

Chama chetu kimeanza daftari la maneno haya. Tunawaomba wanachama wanaokwenda nyumbani likizoni wapite kwa fundi wa friji aliye karibu, wamuulize kila sehemu anaiitaje, na waandike neno kama alivyolitamka, pamoja na jina la mji. Walimu wetu tunawaomba watusahihishe. Daftari lipo kwa katibu wa chama, na kurasa za herufi K na S zimeanza kujaa.